Mombasa hadi Zanzibar: kilomita 247, mbona tiketi yasema masaa sita?

Mwana wa Kibokoni:
Asalaam aleikum nduzangu. Tuna harusi Malindi (ya Unguja, si hii yetu), nami nampeleka mama. Magoti yake basi hayaliwezi. Mtandaoni naona kwa hewa ni kilomita 247 hivi, lakini tiketi niliyotafutiwa yasema masaa sita na nusu. Kwani ndege hiyo yapigwa kasia? Na nyumbani tutoke wakati gani?

Dereva wa Magongo:
Waaleikum salaam. Itazame vizuri, hiyo yapitia Nairobi. Mwapanda kilomita 420 hadi Jomo Kenyatta, mwangoja weee, kisha mwarudi kusini kilomita 600 hivi. Jumla zaidi ya elfu moja, na mama kapandishwa ngazi mara mbili. Tafuta ya moja kwa moja hata ikibidi mtangulie siku moja.

Hiyo yateremka kusini tu. Ndege ya mapangaboi huenda kama kilomita 500 kwa saa, ila kupaa na kushuka nako kuna muda wake, basi shika dakika 45 au 50 angani. Tiketi ikiandika saa nzima na zaidi usishtuke: wao huanza kuhesabu ndege inapotoka kwenye maegesho hadi isimame kule. Kusi likivuma huongezeka dakika chache, upepo wawajia usoni. Mama akae dirisha la kushoto, aione Pemba.

Mimi abiria wa nje ya nchi huwataka uwanjani masaa mawili hadi matatu kabla. Makupa siku hizi si neno, tabu ni Changamwe malori ya bandarini yakianza kusukumana. Na kiti cha magurudumu kiombe unapokata tiketi. Ukingoja hadi mlangoni utaambiwa vyote viko kazini.

Bi Mkubwa wa Tudor:
Mwanangu, pasipoti! Kitambulisho chakufikisha Uganda na Rwanda, Tanzania hapana. Na cheti cha homa ya manjano. Kama hajachanjwa aanze kwa daktari, umri wake si wa kudungwa tu, na cheti huanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano.

Msafiri wa Likoni:
Wenye magoti mazima wapite Lunga Lunga, Tanga, Dar, kisha boti kama masaa mawili. Mtachoka, lakini mfuko utapumua.

Mwana wa Kibokoni:
Shukran sana. Ya Nairobi naiwacha. Bi Mkubwa, cheti cha mama ni cha alipokwenda Hija 2011, ndani kimeandikwa miaka kumi. Chafaa?

Bi Mkubwa wa Tudor:
Chafaa. Tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani lahesabu chanjo hiyo kuwa ya maisha, hata kwa vyeti vya zamani. Angalia jina tu lilingane na la pasipoti. Hapo ndipo watu hushikwa.