Notsi zetu za utafiti mnazilazimisha klaudi, huku Umalila tuzifungue kwa mtandao gani?

Wakuu habari zenu. Nina hasira leo, mods mkiona uzi haujakaa jukwaa lake uhamisheni tu ila msiufute.

Chuo chetu (sikitaji, wenyewe wanajijua) kimeagiza wote tunaofanya utafiti tuache kuweka notsi kwenye laptopu, kila kitu kiingie kwenye programu moja ya mtandaoni waliyoilipia wao, eti sapavaiza aweze kuona kazi muda wowote. Sawa, yeye yuko ofisini na waifai ya bure. Mimi nahoji wakulima wa viazi kule juu Ilembo, Umalila, mkoani Mbeya, ukivuka kilima kimoja mtandao umekata, ukirudi inasoma E, na hiyo E hata meseji ya WhatsApp inazunguka mpaka unaghairi.

Sasa ile programu ukiifungua bila mtandao inakupa ukurasa mweupe!! Mahojiano nimeandika mimi, mzee niliyemhoji kanipa mimi muda wake, halafu kesho yake narudi kwake kumalizia siwezi kuona alisema nini, inabidi nimuulize upya bei ya mbegu na mzee ananiangalia tu, mwanangu si nilishakwambia jana.

Najua atakuja mtu aseme washa ile sehemu ya kufanya kazi bila mtandao. Imewashwa mkuu. Inatunza kurasa ulizofungua karibuni tu, na ukiandika kitu huku field na mwenzako mjini kagusa ukurasa huohuo, mtandao ukirudi unakuta nakala mbili zinagombana uchague mwenyewe ipi ibaki. Bando ndo usiseme, linaisha kwenye kusinki picha za mashamba.

Na sio shida ya kijijini peke yake. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zinazotuletea intaneti zilipokatika hata mliokuwa Mwanjelwa na Soweto hapa Mbeya mjini mlikaa mnatazama simu. Aliyekuwa na faili kwenye mashine yake aliendelea na kazi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba akaunti ni ya chuo, ukimaliza inafungwa. Nimejaribu kutoa notsi zangu mapema, zinatoka PDF tupu, zile lebo zote nilizopanga kwa kijiji na aina ya mbegu hazipo, yaani kazi ya kupanga inaanza upya. Na hizi kampuni zinabadilika zinavyotaka, Evernote, programu ya notsi, Desemba 2023 waliwabana wa bure kwenye notsi 50, Mendeley ya kutunza marejeo, ile ya kwenye kompyuta, iliacha kupakuliwa Septemba 2022, watu wakaambiwa wahamie mpya.

Halafu kuna majina na namba za simu za wakulima humo ndani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023, inagusa mpaka kupeleka taarifa nje ya nchi. Nimeuliza idarani seva ziko nchi gani, hakuna aliyenijibu mpaka leo, na fomu za ridhaa wale wazee wamesaini kwangu!

Wanaosema laptopu inaibiwa ni kweli inaibiwa, na virusi vya flashi tunavijua. Ndo maana mtu anaweka nakala kwenye diski ya nje inayobaki nyumbani, na nyingine apandishe mtandaoni akifika mjini. Zotero, programu ya kutunza marejeo na notsi, inafanya hivyo, vitu vyote viko kwenye folda yako, kusinki unaamua wewe, nafasi ya bure ya mafaili ni MB 300. (Msiiweke hiyo folda ndani ya Dropbox, database inaharibika, wenyewe Zotero wanakataza.) Obsidian, programu nyingine ya notsi, nayo ni mafaili ya maandishi ya kawaida, hata Notepad inayafungua.

Tunachotaka idara waruhusu mtu atunze kazi kwake kwanza, sapavaiza atumiwe nakala kila mwisho wa wiki. Kama kuna mdau Iringa au Njombe chuo chake kilikubali utaratibu wa hivi aje aseme waliandika barua gani na waliipeleka kwa nani, Jumatatu naingia ofisini kwao.