Steringi akikosea, tamthilia nzima ifutwe? Yaliyoikuta Shan He Ling

#1

Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanikereketa muda mrefu na najua humu ndani wapo walevi wa tamthilia za Kichina za mapanga, zile watu wanaruka juu ya mapaa kama paka, kwa hiyo nakishusha hapa tukijadili, matusi wekeni pembeni. Na nitamwaga mwisho wa hadithi, kama hujaangalia na unataka kuangalia ishia hapahapa.

Kwa asiyeijua, Shan He Ling, nje ya China wanaiita Word of Honor, ilianza kuonyeshwa Youku, mtandao wa video wa China, Februari 2021, episodi 36. Kuna Zhou Zishu, mkuu wa kikosi cha wauaji wa siri wa mtawala mmoja anaitwa Jin. Kaua watu wengi, wengine hawana kosa lolote, na ndugu zake 81 wa chuo chao cha zamani aliowaingiza kwenye kazi hiyo wameisha wote, kila aliyekufa anamchorea ua ukutani. Siku imefika kachoka. Sheria ya kikosi ni kwamba ukitaka kutoka unapigiliwa misumari saba mwilini, na yeye ndiye bosi, hakuna wa kumlazimisha, anajipigilia mwenyewe. Amebakiza miaka mitatu, ulimi hauonji, pua hainusi, vinapotea kimoja kimoja, anatoka barabarani na sura ya bandia ya ombaomba mgonjwa na kibuyu cha pombe. Huko ndiko anakutana na Wen Kexing, mtanashati, kipepeo cha kujipepea mkononi, mdomo hauna breki, kumbe ndiye bwana wa Bonde la Mizimu, mahali wanapokimbilia waliolaaniwa na dunia, na ana mpango wa kuwagonganisha watu wote wa ulimwengu wa mapanga wauane kulipiza kisasi cha wazazi wake. Halafu hawa wawili wanaokota mtoto yatima, Zhang Chengling, ambaye familia yake imechinjwa, na ghafla wauaji wawili wanakuwa wazazi wanaogombana nani alimwambia mtoto apige magoti kwenye baridi. Hapo ndipo waliponikamata mimi.

Ilipasua. Mei 2021 wakafanya tamasha Suzhou. Agosti mwaka huohuo zikatoka picha za Zhang Zhehan, aliyeigiza Zhou, za mwaka 2018, yuko Yasukuni kule Tokyo. Akaomba radhi, akasema anauonea aibu ujinga wake wa wakati ule. Haikusaidia. Kampuni za matangazo zikamkimbia, tarehe 15 Agosti chama cha sanaa za maonyesho cha China kikataka asusiwe, akaunti zikafungwa, na tamthilia yenyewe ikashushwa Youku.

Swali langu ni moja tu. Yeye sawa, tuseme alikosea. Aliyeshona zile nguo je? Mwandishi, wakurugenzi, wapiga picha, yule dogo aliyeigiza Chengling, na Gong Jun aliyeigiza Wen ambaye hakuwa hata kwenye hizo picha? Ni haki hiyo?

#2

Mkuu umeandika vizuri ila pale panapouma umeruka kama hao watu wa mapaani. Umesema "Yasukuni kule Tokyo" kama vile ni bustani ya wanyama. Semea ni nini. Ni hekalu, pale wanaheshimiwa waliokufa wakiipigania Japani, na tangu 1978 waliingizwa humo wahalifu wa kivita 14 wa daraja la juu kabisa. Mchina akisikia jina hilo anasikia Nanjing, Desemba 1937, jeshi la Japani lilipochinja watu. Bibi yake alimsimulia, hakusoma kwenye gazeti.

Chukulia msanii wetu mkubwa anakwenda Ujerumani anapiga picha anacheka mbele ya mnara wa waliowanyonga wazee wa Kingoni Songea mwaka 1906, halafu anarudi anatuambia sikujua. Utamwelewa? Mimi ningemwelewa, lakini tamthilia yake nisingeikodolea macho tena jioni na watoto. Sura ni ileile, huwezi kuibandua.

Na kuhusu mshona nguo, pole yake kweli, ila ukipanda basi moja na dereva, likidumbukia mtaroni mnadumbukia wote. Alishalipwa mshahara wake.

#3

Hapo kwa basi hapana ndugu yangu. Abiria akidumbukia mtaroni watu huja kumtoa, hawaji kulifukia basi na mchanga yeye akiwa ndani.

Mimi niko Mombasa na hii tamthilia nimeirudia mara tatu, mume wangu alidhani nimeingia dini mpya. Niwaambie kitu ambacho naona mnakipita. Tamthilia yenyewe ilishalijibu hili swali. Mwakumbuka Gu Xiang, yule kijakazi wa Wen, msichana mdogo mwenye mdomo mchafu na roho safi? Amekulia Bonde la Mizimu kwa sababu aliokotwa huko, hakuchagua. Apata mchumba, Cao Weining, kijana wa chuo cha upanga chenye heshima zake, amkubali hivyohivyo alivyo. Siku ya harusi, bwana harusi yuko na nguo nyekundu, mwalimu wake mwenyewe amuua kwa mikono yake, sababu kijana amekataa kumwacha binti wa Bonde. Na Gu Xiang afa siku hiyohiyo. Haya, niambieni kosa la Gu Xiang lilikuwa gani. Alikokulia. Basi.

Mimi hapo nililia hadi jirani akagonga mlango. Halafu miezi michache baadaye nikaona hiyo kazi yote yafutwa kwa sababu ya mtu mmoja nikasema ah, kumbe wale wazee wenye ndevu wa kwenye hadithi wako hai.

#4

Mnaongelea picha wakati picha ni kisingizio tu wazee. Hiki kitabu ambacho tamthilia imetokana nacho ni cha mapenzi ya wanaume wawili, mwandishi anajiita Priest, kitabu chenyewe kinaitwa Tian Ya Ke, kila mtu anajua. Kwenye skrini wakageuza wakawaita marafiki wa roho. Na hata hapo walikuwa wanachungulia kwa dirisha, mashabiki walikaa wakasoma midomo ya waigizaji wakagundua midomo inasema kitu kingine na sauti zilizowekwa studio zinasema kitu kingine. Sasa tarehe 2 Septemba 2021, hata wiki tatu hazijaisha baada ya hiyo sakata, mamlaka ya utangazaji ya China ikatoa katazo la wanaume "laini" kwenye runinga, na tamthilia za aina hii zilizokuwa zimesharekodiwa zikabaki kabatini. Mnaona tarehe zilivyokaribiana? Walikuwa wanatafuta kamba tu wakaipata.

#5

Mi nimekuja kuuliza tu, steringi anakufa au hafi? Sisi tumekulia kibanda umiza, kanuni ni moja, steringi hafi. Nimesoma comenti zote hakuna aliyesema.

#2

#4 tarehe kukaribiana siyo ushahidi. Kampuni za matangazo zilikimbia kabla ya lile tamko la tarehe 15, na zilikimbia kwa sababu wateja wamekasirika kwelikweli. Nina jamaa yangu alisoma Guangzhou wakati huo, anasema bwenini hakuna aliyeongelea mapenzi ya nani na nani, walikuwa wanaongelea vita. Tusiwanyang'anye watu hasira yao eti kwa vile serikali yao nayo ina mambo yake. Vyote viwili vinaweza kuwepo nyumba moja.

Na dada wa Mombasa, Gu Xiang umenipiga nao kofi zuri, nakiri. Lakini Gu Xiang hakwenda popote kwa miguu yake. Huyu alikwenda. Mfananishe na Zhou mwenyewe basi. Zhou hakusema "sikujua, niliamriwa na Jin". Angeweza kusema, ni kweli aliamriwa. Badala yake akachukua nyundo.

#4

Haya nakubali kamba ilikuwa ya kweli, ila nani aliivuta hadi mwisho? Mteja aliyekasirika anaacha kununua maji ya chupa yenye sura ya msanii. Hawezi kushusha episodi 36. Hiyo inahitaji mkono mrefu.

#6

Nipite njia ya pembeni kidogo. Mimi hiyo tamthilia sikuipenda kiivyo, katikati inakokota, kile kipande cha kutafuta vipande vya vazi la kioo vinavyofungua ghala la siri ni purukushani tu, na zile nywele za bandia za baadhi ya wazee zinaonekana gundi. Ila kuna sehemu moja nilisimama nikairudisha nyuma. Ule mkutano mkuu wa mashujaa, Gao Chong anatuhumiwa mbele ya umati, mzee mkali ana makosa yake, lakini alilotuhumiwa siyo lake, na mwenye dhambi, Zhao Jing, amesimama palepale na sura ya upole. Umati unapiga kelele. Gao Chong anajiua. Na aliyeupanga mchezo ule kwa sehemu kubwa ni Wen, huyu mnayempenda. Baadaye anagundua kumbe kamlenga asiyestahili. Mwangalieni uso wake hapo, Gong Jun alifanya kazi.

Sasa ninachowauliza wote, ninyi mnaomtetea Wen huwa mnatetea nini? Maana alichokifanya ndicho mnachokilaumu hapa, kuuchochea umati umle mtu.

#3

Mimi simtetei, mimi nampenda, ni vitu viwili. Mtoto aliyewaona wazazi wake wafa na akakulia kati ya watu wanaokulana, nikamwambia nini? Lakini hata Zhou hakumwambia "hujakosa". Alimwambia twende zetu tukaishi. Kukaa na mtu ukijua alichofanya siyo kumsafisha.

Na #5 mwanangu, subiri.

#1

Nimerudi, umeme ulikatika. Nimesoma zote, na #2 kanifanya nibadilishe nusu ya nilichosema. Ni kweli niliruka pale Yasukuni, nilifanya hivyo makusudi kwa sababu nilijua nikiifungua hiyo mada nitaonekana natetea wahalifu wa vita. Hasira ya Wachina ni ya kweli na ina mababu ndani yake. Mtu mzima unayeishi kwa sura yako unatakiwa kujua umesimama wapi kabla hujacheka na kamera. Hapo sina ubishi tena.

Ila hiyo ya Zhou na nyundo #2 umeleta wewe na ndiyo inayokufunga. Misumari ni saba. Siyo sita, siyo "mpaka watu watakaporidhika". Miaka ni mitatu. Anajua anadaiwa kiasi gani, analipa, na msumari hauingii kwenye mwili wa mtoto Chengling wala wa Wen, unaingia kwake tu. Ndiyo maana anaweza kutoka nje akalala juani na pombe yake kama mtu aliyemaliza kulipa kodi. Sasa niambie huyu mwigizaji misumari yake ni mingapi? Hakuna aliyemhesabia. Aliomba radhi, ikawa haitoshi, kinachotosha hakikutajwa, na baada yake wakapigiliwa watu ambao hawakupanda hiyo ndege. Mimi ningekuwa na uwezo ningesema hivi, mwigizaji akae nje ya matangazo na runinga kwa miaka kadhaa inayotajwa, na tamthilia ibaki palepale na maandishi mwanzoni yanayosema kilichotokea, asiyetaka kumwona asimwone. Gong Jun ameendelea, nimemwona kwenye tamthilia nyingine, sawa, yeye ni nyota. Yule mzee aliyecheza mwenye hoteli kwa dakika nne, na hiyo ndiyo kazi yake kubwa ya kuwaonyesha wajukuu, amewaonyesha wapi?

#6 swali lako la Wen sina jibu zuri. Nadhani nampenda kwa sababu aligundua akiwa bado hai.

#2

Miaka kadhaa inayotajwa na nani? Wewe uko Dodoma mkuu. Mwenye haki ya kuhesabu misumari ni aliyeumizwa, na wale wa Nanjing walioumizwa wengi wao wameshakufa, hawawezi kukuambia saba inatosha. Ndiyo ugumu wake. Zhou alijihesabia mwenyewe, na ukitaka kuwa mkali kweli utauliza nani alimpa ruhusa, maana wale aliowaua hawakuulizwa kama miaka mitatu ya kunywa pombe na rafiki mzuri barabarani ni adhabu.

Lakini mzee wa hoteli umenipata. Huyo arudishiwe dakika zake nne.

#3

#5, haya sasa. Kwenye episodi ya mwisho Wen ampa Zhou uhai wake wote kule ghalani, nywele zageuka nyeupe pe, macho yafumba, kisha Chengling aonekana amekua mwalimu na yeye awasimulia wanafunzi wake, wewe ukae hapo umeshika kikombe cha chai kimepoa. Halafu kuna kipande kifupi walikiweka pembeni baadaye. Kiko mlima wa theluji. Usiambiwe na mtu, kitafute mwenyewe.

#5

Nilijua. Steringi hafi.