Wimbo niliokuwa nausikiliza miaka 6 umegeuka kijivu. Nilikuwa nalipia nini?

UtepeUliokatika:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Nina orodha yangu ya nyimbo kwenye programu ya kusikilizia muziki, nimeijenga kwa miaka 6. Jana usiku nautafuta wimbo mmoja, nakuta jina lake limefifia, kijivu. Nabofya, kimya. Nabofya tena, kimya. Wa juu yake unapiga, wa chini yake unapiga. Hakuna ujumbe, hakuna hata samahani.

Huo wimbo niliunasa redioni nikiwa na miaka 12. Wa rika langu mnaijua kazi ile: kidole juu ya kitufe cha kurekodi, unamwomba Mungu mtangazaji anyamaze. Hakunyamaza. Kanda yangu inaanza na yeye akitaja saa, na kwenye ubeti wa pili mama anasikika akiniita nikaoshe vyombo. Miaka yote nilidhani wimbo unakatika katikati ya gitaa, kumbe upande A ndio uliisha. Siku niliyoupata mzima mtandaoni nilibaki nasubiri ukatike.

Sasa, ada nalipa kila mwezi, sijawahi kuchelewa. Nililipia nini hasa? Na mwenye wimbo aliambulia chochote?

FundiMezani:
Pole mkuu. Wewe ni mpangaji. Hata mwenye programu naye kapanga: ana leseni kutoka lebo, yaani kampuni inayomiliki rekodi, au kwa msambazaji, na leseni ina muda na mipaka ya nchi. Ikiisha, au rekodi ikiuzwa kwa mwingine, wimbo unashushwa. Ila utafute upya kwa jina, mara nyingi umehamia tu kwenye albamu ya mkusanyiko.

Kuhusu hela, nimekaa kwenye meza ya kuchanganyia sauti tangu enzi za kanda na bado naona watu wanadanganyika. Kwenye huduma nyingi kubwa ada yako haiendi moja kwa moja kwa unaowasikiliza. Inaingia chungu kimoja na za wenzako, mwenye huduma anachota fungu lake, kinachobaki kinagawanywa kwa kuangalia nani kapigwa mara ngapi. Sikiliza wimbo wako mmoja mwezi mzima, sehemu kubwa ya hela itakwenda kwa wasanii usiowajua hata sura.

Spotify wanahesabu wimbo umepigwa ukishafika sekunde 30. Zamani nilikuwa naliacha gitaa litembee nusu dakika nzima kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Juzi kijana kaniletea wimbo wa dakika 2 na sekunde 5, unaanzia kwenye kiitikio. Nikamuuliza ubeti wa tatu uko wapi, akacheka.

BlanketiStudio:
Fundi, usitusimange. Napster, programu ya kupeana nyimbo mtandaoni, ilipoingia 1999 watu walijibebea nyimbo bila kulipa senti. Lebo zikaishtaki, 2001 ikazimwa, lakini maji yalishamwagika. iTunes ya Apple ilipofungua duka la nyimbo mtandaoni 2003 wimbo ukawa senti 99 za dola, na faili unabaki nalo. Mkuu, unachokipenda sana kinunue hivyo, bado inawezekana.

Mimi nina wimbo mmoja, niliurekodi chumbani nimejifunika blanketi ili mwangwi upungue. Nilitoka nimelowa jasho. Tangu mwaka jana umepigwa mara 640, na kwa Spotify tangu 2024 usipofikisha 1,000 ndani ya miezi 12 hulipwi mrabaha wa rekodi. Sawa. Lakini enzi zako fundi, mimi hata mlangoni nisingefika.

FundiMezani:
Hilo kweli, nisingekufungulia 😂 Weka kiungo, zifike 641.

UtepeUliokatika:
Fundi, upo kweli kwenye mkusanyiko, ila wameusafisha, ngoma zimesogezwa mbele mpaka gitaa limejificha. Siutaki. Nimefukua sanduku, kanda ipo, na mwandiko wangu wa kalamu nyekundu. Redio kaseti inawaka lakini haizungushi. Nimeifungua, ule mpira wa kuzungushia kanda umeyeyuka, umenata kama ulimbo. Mpya unapimwaje?

FundiMezani:
Pitisha uzi mahali mpira ulipokuwa unapita, upime urefu wake, kisha ununue mfupi kidogo ya hapo. Ulimbo ufute wote kwa spiriti. Na usiibonyeze icheze hivi hivi: zungusha kanda kwa kalamu mpaka mwisho, uirudishe, isije ikamezwa. Ikipiga tu, irekodi kwenye kompyuta siku hiyo hiyo. Na mama usimkate.