Je, dhamana ya kukata barabara za Nairobi ipandishwe?

Mkazi wa Buruburu
Barabara inayopita mbele ya nyumba zetu iliwekwa lami mpya, na kabla mvua za masika hazijaisha ilikuwa imekwisha kukatwa mara tatu: kwanza kwa ajili ya bomba la maji, kisha waya wa intaneti, halafu stima. Kila aliyekata alirudisha udongo, akaukanyagakanyaga, akaenda zake. Leo mtaro umebonyea kiasi cha kumeza gurudumu la bodaboda, na wiki iliyopita mtoto wa jirani alianguka pale na baiskeli akavunjika mkono. Anayetaka kukata barabara hulipa ada ya kibali, na juu ya ada anaweza kutakiwa kuweka dhamana, anayorudishiwa barabara ikisharejea hali yake. Mimi nauliza hivi: kwa nini dhamana hiyo isilingane na gharama halisi ya kuweka lami upya, ili mkandarasi akitoroka, fedha alizoziacha zitoshe kumlipa mwingine?

Mhandisi Mstaafu
Nakuunga mkono, na ningeongeza kwamba muda ni muhimu kuliko kiasi. Nchini Uingereza, sheria ya kazi za barabarani ya mwaka 1991 iliweka msingi wa utaratibu ambao kampuni iliyochimba hubeba jukumu la kiraka chake kwa miaka miwili, na kwa mashimo yenye kina kirefu miaka mitatu. San Francisco nayo ina kanuni ya kutoruhusu barabara iliyowekwa lami mpya kukatwa kwa miaka mitano, isipokuwa kwa sababu maalumu. Hapa kwetu kazi hufanywa usiku na vijana waliookotwa kando ya njia, wasiojua hata jembe linashikwaje, kisha tunashangaa mitaro ikibonyea.

Mchimbaji wa Kayole
Mzee, nakuheshimu kwa umri na kwa elimu yako, lakini maneno hayo yamenichoma. Nimechimba mitaro ya faiba, yaani nyaya za intaneti, katika mji huu kwa miaka kumi na mmoja, na jembe nalijua. Sisi hulipwa kwa mita ya mtaro uliochimbwa na kufukiwa, na hakuna anayetulipa hata shilingi moja kwa kushindilia. Upande huu wa Eastlands sehemu kubwa ni udongo mweusi, ambao hufura ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Udongo huo haufai kurudishwa mtaroni chini ya barabara. Ulipaswa kubebwa na lori, na mahali pake iletwe changarawe, imwagwe tabaka la sentimita 15 hivi, inyunyiziwe maji, ishindiliwe kwa mashine, ndipo tabaka jingine lifuate. Haya hayako vitabuni tu, mzee, sisi pia tunayajua. Usiku mmoja pale Donholm, saa tisa alfajiri, mashine ilichukuliwa tukiwa nusu ya kazi kwa sababu ilikodiwa kwa saa chache tu, nasi tukaambiwa magari yapite kabla ya saa kumi na mbili. Tulimaliza kwa miguu na kwa kipande cha gogo, tukijua kabisa kwamba mvua ya kwanza itatuumbua. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Mkazi wa Buruburu
Ndugu, hakuna aliyesema wewe ndiwe uliyechimba kwetu. Lakini kama mlijua itabonyea, kwa nini hamkukataa?

Mchimbaji wa Kayole
Kwa sababu anayekataa saa tisa alfajiri hurudi nyumbani bila malipo ya usiku huo, na kesho yake mwingine yuko mtaroni. Wewe ungekataa?

Wakili wa Ngara
Naomba turudi kwenye fedha, maana hapo ndipo ninapotofautiana na mwanzilishi wa mjadala. Ada na dhamana zinachanganywa, ilhali ni vitu viwili. Ada ni mapato: ikishalipwa, imekwenda. Dhamana ni mali ya aliyeiweka, hushikiliwa tu kama rehani. Ibara ya 210 ya Katiba inasema kodi au ada ya leseni haiwezi kutozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria, ndiyo maana kaunti hupitisha Sheria ya Fedha. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 nayo inazuia taasisi ya umma kutoza miundombinu ya umma ya kawi bila idhini ya Waziri. Tulikwisha kuona ugomvi huu unavyoweza kufika: Februari 2025 malori ya kaunti yalimwaga taka nje ya Stima Plaza, makao makuu ya kampuni ya umeme ya Kenya Power, kaunti ikidai mabilioni ya ada za njia za nyaya na Kenya Power ikidai bili za umeme. Ukipandisha dhamana bila akaunti ya pekee isiyoguswa, nayo itaingia katika ugomvi wa aina hiyo, na shimo la Buruburu litabaki palepale.

Mama wa Maji, Mukuru
Nyinyi mnazungumzia kampuni kubwa. Kikundi chetu cha akina mama huuza maji, na tulipotaka kuvusha bomba la inchi mbili upande wa pili wa barabara, upana wa mita saba tu, tuliambiwa tuweke dhamana inayozidi mauzo yetu ya miezi minne. Tulirudi nyumbani. Mpaka leo maji yanavuka kwa mitungi, yakibebwa na wasichana wanaopenya katikati ya matatu. Mkipandisha dhamana kwa wote sawasawa, mtakuwa mmetufungia mlango kabisa, huku kampuni kubwa ikileta barua ya benki ya kuidhamini na kuendelea.

Mhandisi Mstaafu
Mama, hilo ni la haki. Dhamana ipimwe kwa eneo linalokatwa na aina ya barabara. Na wewe kijana wa Kayole, nimeyasoma maelezo yako mara mbili. Nilikosea kuwalaumu wachimbaji, na ninaliondoa neno langu. Hata hivyo sikubali kwamba kosa lote ni la mkandarasi. Katika miaka yangu ya kazi, mkaguzi aliitwa mtaro ukiwa umekwisha kufunikwa, akaona uso laini, akatia sahihi. Hakuna jicho linaloona tabaka la chini kupitia lami. Isitoshe, tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipounda KURA, mamlaka ya barabara za mijini, mjini kuna barabara zake na barabara za kaunti, na mwananchi mwenye malalamiko huzungushwa baina ya ofisi mbili, kila moja ikisema barabara hiyo si yake.

Mchimbaji wa Kayole
Asante, mzee. Basi mkaguzi aje mtaro ukiwa wazi, hata kama ni usiku, na atie sahihi kila tabaka. Dhamana isirudishwe mpaka masika moja na vuli moja zipite juu ya kiraka. Mkandarasi akijua fedha yake imelala chini ya udongo ule mweusi, ataiacha mashine pale mpaka tumalize, na atatulipa kwa kushindilia. Mkazi wa Buruburu, huo mtaro uko upande gani? Jumapili sina kazi.

Mkazi wa Buruburu
Ukitoka barabara kuu, ni njia ya pili kushoto. Utaona tairi kuukuu na matawi ya mkaratusi tuliyoyasimamisha shimoni ili wenye pikipiki walione usiku. Urefu wake ni kama hatua arobaini, na katikati waya wa intaneti umeanza kuonekana.

Mchimbaji wa Kayole
Kama waya unaonekana, basi hata kina hakikufikiwa. Msiwaache watoto waushike. Nitakuja na futi ya kupimia.