Wenzangu wananituma kwa bosi nikadai michango ya NSSF. Niende?

Wakuu, habari za jioni.

Niko karakana ya samani hapa Dar, tuko 14. Kila mwezi slipu inaonyesha tumekatwa 10% ya NSSF, na bosi anatakiwa aweke 10% yake ifike 20. Juzi jamaa aliyeacha kazi kaenda kufuatilia mafao, akakuta michango yake imeishia mwaka jana mwezi wa tatu. Tukaangalia na za kwetu: hivyo hivyo, wote.

Tukakaa nyuma ya stoo. Kila mtu: "Nenda wewe, bosi anakusikiliza." Ni kweli, mimi ndiye nashika funguo. Ila mkataba wangu unaisha Desemba, na mke ana mimba ya miezi sita. Nikinyamaza, nimeibiwa kama wao. Nikiongea, huenda wakapata zao mimi niko mtaani. Nyie mngeenda?

Seremala Mstaafu: Mimi nilikwenda, 2016, karakana nyingine, tunadai ovataimu. Wiki ya tatu nikaambiwa kazi zimepungua. Zilipungua kwangu tu. Wenzangu wakalipwa. Baadaye nikauguliwa na mtoto, nikawapigia wote. Aliyetuma ni mmoja, elfu kumi. Huyo mpaka leo ni ndugu yangu. Ningerudia? Ndiyo, lakini si peke yangu.

Mama Wawili: Kaka, usiende. Watu wazima 13 wanamtanguliza mwenye mke mjamzito? Hapo hawajakuheshimu, wameona wewe ndiye wa kupotea bila hasara kwao.

Kanzu ya Bluu: Dada unamtisha bure. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kumwachisha mtu kazi kwa sababu kadai haki yake. Akifukuzwa aende CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ndani ya siku 30. Asizembee, zikipita ataanza kubembeleza aongezewe muda.

Mama Wawili: Mkataba unaisha Desemba, bosi ana haja gani ya kumfukuza? Atanyamaza tu mpaka Januari.

Stoo ya Pili: Dada kagonga penyewe. Mkuu, kwanza kwa bosi mnafuata nini? Hana jipya la kuwaambia. Kudai michango ni kazi ya NSSF, wana wakaguzi wao. Kila mtu abebe slipu na taarifa yake ya michango, mwende pamoja, muombe majina yasitajwe. Mkaguzi akiingia anafungua vitabu vya wafanyakazi wote, hakuna wa kunyooshewa kidole. Wakitaka barua, sahihi zipigwe kwa duara, asijulikane wa kwanza.

Seremala Mstaafu: Duara zuri, ila bosi atauliza nani kaichapa.

Mleta uzi: Mrejesho wakuu. Niliwaambia wenzangu kwa bosi siendi, tukutane NSSF jana saa ya chakula, kila mtu na slipu zake. Tumefika watano. Yule aliyekuwa ananisukuma kuliko wote kasema zake zimeliwa na panya.

Nilitaka kugeuza, wallahi. Kijana wa kupaka rangi, mdogo kuliko sote, akawa ameshasukuma mlango.

Afisa akatuuliza tuko wangapi. Nikajibu kumi na wanne.