Msibani tufike wenyewe, au pesa ya simu inatosha?

Mleta mada, Kibosho

Wakuu, habari za huko mliko. Desemba inakaribia, ndugu wa Dar, Mwanza na Arusha watapanda kuja huku mlimani Kilimanjaro, na ukoo wetu utakaa kikao kama koo nyingi za huku. Ajenda moja naileta hapa mapema, maana naamini haituhusu sisi peke yetu. Napendekeza kwamba orodha ya michango ya msiba yenye majina na kiasi ikome kubandikwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Pia kwamba yeyote anayeweza kufika afike, hata kama ameshatuma pesa, na kwamba mazishi yasirushwe mubashara kwa simu.

Sisemi pesa isitumwe kwa simu. Kabla M-Pesa haijaanza nchini mwaka 2008, mchango wa mtu wa Dar ulikuja kwenye bahasha mkononi mwa kondakta wa basi, na bahasha nyingine hazikufika. Hata tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, kwetu watu walinung'unika sana, lakini hakuna aliyerudi kwenye bahasha. Kwa hilo simu imetusaidia.

Kinachoniuma ni kilichofuata. Mtu anafariki alfajiri, saa tatu asubuhi grupu limeshaundwa, mweka hazina ameweka namba, orodha imeanza: jina, kiasi, tiki. Kila anayechangia anaibandika upya, ikizidi kurefuka. Mwenye elfu tano anaona atakaa chini ya mwenye laki mbili, anaingiwa na aibu, ananyamaza. Akishanyamaza hata kuhani haji, anaogopa kuulizwa. Nimeona watu wanaopakana vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye migomba, wakikosa mazishi kwa sababu hiyo, nyumba kwa nyumba.

Halafu orodha ile haina mahali pa kuandika vitu wala kazi. Kuna mama jirani yetu alileta mkungu wa ndizi na mzigo wa kuni, akachota maji mpaka siku ya mazishi. Kwenye grupu hayumo. Daftari la zamani lingemwandika: fulani, mkungu mmoja, fulani, debe la ulezi, fulani, amechimba kaburi. Na akifiwa yeye, wenye daftari walilifungua wakajua wanamdai nani na wanadaiwa na nani, na deni lenyewe mara nyingi lilikuwa la mikono.

Huku tunazika nyumbani. Kaburi liko kati ya migomba, unalipita kila ukienda kukata majani ya ng'ombe. Aliyelichimba ni mtu mnayekutana kila siku njiani, na ukimwangalia unakumbuka.

Jambo jingine nimelifikiri sana. Wazee wetu walichimba mifongo, ile mifereji inayoteremsha maji ya mlimani mpaka vihambani, na kuisafisha ilikuwa kazi ya wote kwa pamoja. Asiyetokea siku ya kazi alitozwa faini. Yaani mali ilitolewa na yule aliyekosa kuja, tena kama adhabu. Sasa msibani tumepindua. Asiyekuja ndiye anaongoza orodha kwa laki tano, na tunamtaja kwenye kipaza sauti kabla hatujamshukuru aliyeshika jembe.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji, Sakina, Arusha

Shikamoo baba. Hilo la mkungu wa ndizi limenigusa, lakini ukisema watu wote wafike, mimi nasikia masufuria. Misiba ya ukweni kwangu yote niliijua nikiwa jikoni: kumenya ndizi, kuosha sahani za watu mia, kulala kwenye mkeka macho yamejaa moshi. Wanaume wapo chini ya turubai, wanapanga ratiba.

Alipofariki mama mkwe, grupu lilipata pesa ya kutosha, tukakodi wapishi, viti na watu wa kuosha vyombo. Nilikaa na mawifi zangu, tukamwongelea marehemu, tukaimba, tukalia mpaka tukachoka. Kabla ya hapo nilikuwa nazika watu bila kupata nafasi ya kuwalilia. Kwangu huo ndio utu, na niliupata kwa sababu ya zile tiki za kwenye simu. Kabla hamjapitisha chochote Desemba, semeni kwanza nani atamenya hizo ndizi.

Mchangiaji, Machame

Shikamoo mzee. Mimi ni mpagazi, nabeba mizigo ya wageni njia ya Machame. Safari ni siku sita au saba, na huwezi kuutua mzigo katikati ukashuka zako. Baba mdogo alifariki nikiwa Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele. Mtandao huko unashika kwa kubahatisha. Nikapata ujumbe, nikatuma nilichokuwa nacho, na nilipotoka geti la Mweka walikuwa wameshazika. Nikaangalia video ya mazishi peke yangu, nikairudia na kuirudia. Mkipiga marufuku simu makaburini, sisi wa kazi hizi mmetutoa kwenye ukoo.

Na orodha ina sababu yake. Daftari lilikaa kwa mtu mmoja, na ndiye pekee aliyejua kilichoingia. Kwetu liliwahi kupotea wiki ile ile pesa ya kujengea kaburi ilipotakiwa. Kwenye grupu kila mtu anahesabu mwenyewe.

Mchangiaji, Majengo, Moshi mjini

Mimi ni mjane. Siku ya mazishi ya mume wangu niliomba kamera isinielekee, nikaambiwa ndugu walioko ng'ambo wanataka kuona. Baadaye nikatumiwa kipande nimeanguka, kitenge kimefunguka, na kilikuwa kimeshafika kwa watu nisiowajua. Mazishi yakirushwa mubashara, muulizeni mfiwa kwanza. Nimemaliza.

Mleta mada, Kibosho

Marahaba wanangu. Mama wa Majengo, pole sana. Ulichoandika nitakisoma kikaoni kama kilivyo.

Binti wa Sakina, wapishi wakodiwe, na pesa ya simu iwalipe. Pesa isipotosha, kazi za jikoni zigawanywe kwa majina, wanaume wakiwemo. Kijana anayeweza kuchinja na kuchuna mbuzi anaweza kumenya ndizi. Ninachotaka ufike nacho msibani ni wewe mwenyewe, ukae pale ulipokaa siku ya mama mkwe wako. Hilo naliandika kwenye pendekezo kabla ya lile la orodha.

Kijana wa Machame, kuhusu wizi umesema kweli, na daftari la mtu mmoja silirudishi. Walishike wawili, mmoja awe mwanamke aliyeolewa kwenye ukoo, maana hao ndio wanajua kilichoingia jikoni. Kila jioni grupu lipewe jumla tu: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki. Majina, kiasi, mikungu na kazi vibaki kwenye daftari, juu ya meza pale nyumbani, na yeyote aliyefika alifungue asome.

Kwenye kurusha mubashara nakupinga. Wewe mwenyewe ulikuwa Barafu, usingeyaona mubashara. Kilichokusaidia ni video uliyoipata baadaye. Basi ndugu mmoja ateuliwe, arekodi kwa ruhusa ya mfiwa, awatumie walioomba na kukosa nafasi. Wengine simu zikae mfukoni wakati wa kushusha jeneza. Halafu ukishuka mlimani, nenda pale nyumbani, hata kama turubai limeshafunguliwa. Mke wa baba mdogo bado yupo.

Kuna sababu ya mwisho inayonifanya nisilegeze. Hapa kwetu ndugu wawili walinuniana miaka mingi kwa ajili ya mpaka wa kihamba, na kwenye grupu la ukoo wote walikuwemo, kila mmoja akichanga bila kukosa. Mama yao alipofariki ilibidi wakae benchi moja. Usiku mdogo akaenda kukata isale, ule mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, akamletea mkubwa mbele ya wazee. Mnajua Mchagga akipelekewa isale na ndugu aliyemkosea, anapaswa kusamehe. Alipokea, wakazika pamoja. Kama mmoja wao angetuma laki tano akabaki Dar, wangekuwa wamenuniana mpaka leo, na orodha ingeonyesha wote wawili wametimiza.

Kilichobaki kunisumbua ni yule aliyeko Moshi mjini, mzima wa afya, hana zamu, asiyekuja. Wazee wengine wanataka atozwe faini kama ya mfongo. Mimi siitaki, kwa sababu atailipa kwa simu dakika ile ile na hatakuja. Walioko Marangu, Rombo, Machame, hata Meru, kama ukoo wenu umeshaandika utaratibu kwa mtu wa namna hiyo, leteni hapa mlivyoandika, niupeleke kikaoni.