"Haijawahi kufunguliwa", kumbe kioo si chake

Swali: iPhone 11 ya mtumba, nimenunua Instagram, tangazo likisema haijawahi kufunguliwa. Settings, General, About inaandika kioo ni "Unknown Part" (sehemu isiyotambulika). Muuzaji kimya. Nianzie wapi?

— Piga skrinshoti ya ukurasa huo, IMEI (namba ya utambulisho wa simu), na tangazo kabla muuzaji hajalifuta. IMEI ilingane na ya risiti, la sivyo atasema simu si ile aliyokuuzia. Usipeleke kwa fundi! Ikifunguliwa tu, atasema kosa ni lako.

— Angalia True Tone pia (inayorekebisha rangi ya kioo kulingana na mwanga). Kioo kilichobadilishwa mara nyingi huipoteza. Muuzaji usimpigie, mwandikie: kasoro, kiasi unachodai, na umpe siku 7 za kujibu.

— Usitegemee kurudishiwa muamala wa pesa uliotuma kwa simu; hiyo ni kwa waliokosea namba. Akigoma, kwa Tanzania peleka malalamiko FCC, Tume ya Ushindani.